Kuumwa kichwa ghafla uzeeni: kwa nini hospitali wanakuuliza saa kwanza

Nlikuwa nafua nazi. Kifuo kimechomekwa uwani pale pale kilipo miaka yote, nazi ya tatu au ya nne sikumbuki, nshaikita nainyonga kutoa kumbi la kwanza, ndo muadhini akaanza kuadhini Alasiri, na pale pale kichwa kikanipasuka kisogoni. Sijui nieleze vipi, kama mtu kaja nyuma kanipiga mchi, mpaka nkageuka kutizama nani. Hakuna mtu, kuku tu. Nkashika ukuta nkakaa chini, na kabla adhana haijaisha maumivu yashafika mwisho wake, hayana tena pa kupanda.

Naitaja sana hiyo adhana mana ndo iliyonisaidia kuliko kitu chochote siku ile, na mie wakati ule sikujua.

Mimi ni mstaafu, mwaka wa sita huu, kabla ya hapo nlikuwa karani bandarini Malindi, Unguja mjini, kazi yangu kubwa ilikuwa kuandika saa. Meli imeonekana saa ngapi, imefunga gati saa ngapi, imeanza kushusha saa ngapi, na ukikosea nusu saa kuna watu wanagombana pesa. Sasa mtu kama mie, siku ya kuhitaji saa, sikuitizama. Ukistaafu siku zinakuwa sawa sawa, saa ya ukutani imekufa betri toka mfungo wa mwaka juzi na hakuna anaejali.

Bas nyumba ikajaa, si mnatujua Makunduchi. Mke wangu kasema presha. Jirani kasema hijama, ile ya kuumikwa damu, tena yupo mtu mzuri anakuja mpaka nyumbani. Shemeji yangu akataka ustadhi aandike kombe, yani maandishi ya Kurani yakoshwe kwa maji niyanywe. Mwengine kasema jua, nipewe dafu. Kila mtu ana dawa mkononi, ila katika watu wote wale hakuna hata mmoja aliyeuliza kimeanza saa ngapi na kimeanza vipi. Siwalaumu, hata mie nisingeuliza. Sote tumezoea kuuliza "kinauma sana?" na mtu akisema sana tunaogopa, akisema kiasi tunatulia. Kumbe hilo swali halina msaada mkubwa hivo, na hiki ndo nataka kukieleza, mana nlilazwa usiku mmoja nkawa nauliza kila kitu, na baada ya hapo nimesoma na kuuliza tena mpaka daktari wangu kanambia mzee wewe ulikosea kazi.

Kwanza kitu kilichonishangaza. Ubongo wenyewe hauumi. Hauna hisia ya maumivu, ndo mana wapo watu wanafanyiwa operesheni ya ubongo wako macho wanazungumza. Kinachouma ni vitu vilivyouzunguka, utando unaoufunika, mishipa ya damu, misuli ya shingo, ngozi ya kichwa, macho, meno. Kwa hivo maumivu peke yake ni shahidi mbovu, kipandauso kinaweza kukulaza kitandani siku mbili unatapika na kisiwe cha kukuua, na uvimbe mbaya ukakaa miezi unauma kidogo kidogo tu. Ukali haukwambii mengi. Kinachosema ni mwendo wake: kimekuja taratibu au kimekuja mara moja?

Pale zahanati walinipima presha, 168 kwa 96. Mke wangu akasema si nilisema. Na hapa pana fundo ambalo naona limewafunga watu wengi sana. Presha ya namna hiyo kwa mtu anayeumwa vile ni kitu cha kutarajiwa, maumivu yenyewe yanapandisha presha, na hofu inapandisha, na kukalishwa kitini watu kumi wanakutizama inapandisha. Mara nyingi kichwa ndo kimepandisha presha, si presha iliyoleta kichwa. Presha ya kawaida ya juu haiumi, ndo ubaya wake, mtu anakaa nayo miaka kumi hajui. Ikifika kama 180 kwa 120 kwenda juu, pamoja na kichwa au kuona vibaya au kuchanganyikiwa, hapo ni dharura kweli. Lakini kumpima mtu wa kichwa cha ghafla, ukaona namba imepanda kidogo ukasema "tushajua, ni presha," ukampa kidonge ukamrudisha nyumbani, umemfungia mlango mwizi akiwa ndani.

Wakanipa panadoli, na baada ya kama saa moja kichwa kikapungua. Nkasema jamani turudi. Kosa langu la pili. Mpwa wangu ndo alikataa, kasema mjomba utakasirika utanyamaza, gari lishawaka. Tukatoka saa kumi na moja na nusu, mjini tukafika saa moja kasorobo, magharibi ishaingia. Hospitali siitaji. Pale dirishani nliambiwa "kichwa tu mzee? kaa pale," nkakaa pale, na pengine ningekuwa bado nimekaa pale kama si nesi mmoja mtu mzima aliyepita akaniuliza nimekuja na nini.

Daktari alikuwa kijana, mdogo kuliko mwanangu wa pili. Kaniamkia, kavuta kiti, swali la kwanza: ulikuwa unafanya nini? Nafua nazi. La pili: toka kilipoanza mpaka kuuma kabisa ilichukua muda gani? Nkamwambia adhana haikuisha. Akaacha kuandika. "Mzee wangu, ulipokaa chini muadhini alikuwa yuko wapi?" Nkafikiri. Alikuwa kwenye shahada, ya kwanza au ya pili. Bas hapo hapo akanyanyuka, kwenye foleni nkatoka.

Mana kuna kitu madaktari wanakiita kichwa cha radi. Ni kichwa ambacho toka kuanza mpaka kileleni hakizidi dakika moja. Adhana nzima inachukua dakika mbili tatu, shahada iko mwanzo mwanzo, kwa hivo yule kijana alikuwa kashapiga hesabu yake. Na kichwa kikiwa cha namna hiyo, kitu cha kwanza wanachokihofia ni mshipa uliopasuka baina ya ubongo na utando wake.

Hii inakuwaje. Mishipa mikubwa inayopeleka damu kwenye ubongo inapita chini ya ubongo, na baina ya ubongo na utando kuna maji. Kwa baadhi ya watu mshipa unafanya udhaifu sehemu moja, mara nyingi pale unapogawanyika njia panda, ukuta wake unatoka kwa nje kama tairi la baskeli lililofanya nundu. Wanaiita aneurizimu. Unaweza kuishi nayo mpaka ukafa kwa kitu chengine usijue kama unayo. Ikipasuka, damu inaruka kwa nguvu ya moyo ndani ya yale maji, na utando ukiguswa na damu unaumia vibaya sana na unaumia mara moja. Ndo ile radi. Damu inayovuja sehemu hiyo bila ya mtu kuanguka wala kupigwa, mara nyingi sana, kama 85 katika kila 100, chanzo chake ni nundu kama hiyo. Presha na sigara ndo vinavyochangia zaidi.

Na hapa ndo kosa langu la kutaka kurudi nyumbani. Nundu inaweza kuvuja kidogo halafu ikajiziba, mtu akapata nafuu, akala, akalala. Halafu inavuja tena, na ile ya pili ndo inayoua, na hatari kubwa ni ndani ya masaa 24 ya mwanzo. Kwa hivo kichwa cha radi kilichopoa kwa panadoli hakijakwambia kitu. Panadoli inatuliza hata kichwa cha damu.

Sasa siti skani. Watu wengi, mie mmoja wao, tunadhani siti skani ni siti skani, ukipigwa leo ukipigwa kesho picha ni ile ile. Siyo. Damu mbichi kwenye picha inaonekana nyeupe, wazi kabisa. Lakini yale maji yanayouzunguka ubongo hayatulii, mwili unatengeneza kama nusu lita kwa siku na kwa wakati mmoja yaliyomo ni kama mililita 150 tu, yaani yanabadilishwa mara tatu na zaidi kila siku. Tia zafarani kwenye bakuli la maji halafu uwe unamimina maji mengine huku yanamwagika. Mwanzo unaiona, kesho huioni. Skani ikipigwa ndani ya masaa sita toka kichwa kuanza, kwa mashine nzuri na mtu anayejua kusoma picha, ni nadra mno damu kujificha. Baada ya hapo kila saa inayopita picha inazidi kufifia.

Ndo mana ya saa. Yule daktari alikuwa anataka kujua nimebakisha muda gani. Alasiri siku ile ilikuwa saa kumi kasoro dakika kumi hivi, mie nliingia kwenye mashine saa tatu ya usiku. Masaa matano na dakika kumi. Hijama peke yake, na Mungu anisamehe mana sina neno na hijama, ingenimalizia hizo dakika hamsini zilizobaki.

Ukichelewa haina maana umekosa kabisa, ila njia inabadilika, inakuwa ile watu wanayoikimbia: kutolewa maji ya uti wa mgongo. Nimesikia mara ngapi barazani kuwa fulani katolewa maji ya mgongo akapooza. Bas ni hivi, uti wenyewe, ile kamba ya neva, haufiki mpaka chini ya mgongo, kwa mtu mzima unaishia juu juu ya kiuno, na sindano inaingizwa chini ya hapo, penye maji na nyuzi za neva zinazoelea, sindano ikija zinasogea. Unaweza kuumwa kichwa siku mbili tatu baadae, hiyo kweli, lakini mara nyingi aliyepooza kapooza kwa ugonjwa uliomfanya apelekwe kutolewa maji.

Na tena hapa saa inageuka, hii nliipenda. Kwa skani wanataka uwahi, kwa maji ya mgongo wanataka usubiri, mpaka yapite masaa 12 toka kichwa kuanza. Kwa nini? Mana sindano yenyewe inaweza kuchoma kimshipa njiani ikatoka na damu, sasa damu hii ya sindano au ya kichwani? Damu ikikaa kwenye maji masaa kama hayo inaanza kuvunjika, na maji yanageuka manjano. Damu ya sindano ni nyekundu tu, haijapata muda. Kwa hivo mtu analalamika "wamenilaza tu hawanifanyi kitu," kumbe wanasubiri rangi. Ingependeza wangemwambia.

Skani yangu ilitoka safi. Wakanirudisha tena kwenye mashine, safari hii na dawa mshipani ya kuonesha mishipa, ile dawa inakupa joto mwili mzima mpaka unadhani umejikojolea, nliona haya mpaka nkajipapasa. Mishipa nayo safi. Asubuhi nkaambiwa hakuna kitu, na mke wangu akakasirika kuliko alivyoogopa, usiku kucha vipimo vyote vile halafu hakuna kitu? Lakini watu wengi wanaofika na kichwa cha radi ndo wanaambiwa hivo, hawana damu. Changu wakasema ni kichwa cha kujikaza, yani kinachokuja mtu akitumia nguvu, kunyanyua mzigo, kukohoa sana, hata akiwa faragha na mkewe (daktari alilisema hilo bila kucheka, mie nkatizama dari). Hilo jina hawakupi mpaka washatoa mengine yote. Lingetolewa mwanzo lingekuwa bahati nasibu tu.

Ila ningekuwa na miaka 30, kama si ile radi, wasingenishughulikia hivo. Umri una hesabu yake, kichwa kipya baada ya miaka 50, yani si kile ulichokizoea toka ujanani, kinatizamwa kwa jicho jengine, hata kikija taratibu. Kuna cha kuanguka: ukikua ubongo unasinyaa kidogo, vimishipa vinavyouunganisha na utando vinavutika kama kamba iliyokazwa, ukiteleza chooni ukagonga kichwa hata kidogo kimoja kinavuja pole pole, na unaanza kuumwa na kichwa, kulala lala na kusahau baada ya wiki mbili tatu, wakati kuanguka kwenyewe ushakusahau. Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda hatari kwake ni zaidi. Kuna cha mishipa ya panjani, panauma hata kofia ikigusa, taya linachoka ukitafuna, na hicho kikiachwa kinapofua macho, mpaka daktari akikishuku anaanza dawa kabla majibu hayajarudi. Kuna cha jicho, jicho jekundu, unaona duara za rangi kwenye taa, unatapika, watu wanadhani tumbo. Kuna mkanda wa jeshi, unauma upande mmoja wa uso siku kadhaa kabla vipele havijatoka. Na jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa, wote mkiamka na kichwa siku moja tokeni nje kwanza ndo mjadiliane.

Homa na shingo ngumu, huwezi kugusa kifua kwa kidevu, hiyo inaweza kuwa homa ya uti wa mgongo, hapo usingoje mtu. Zamani kichwa na homa tulisema malaria tu, lakini Zanzibar malaria imeshuka sana, dhana ile inatuchelewesha.

Aspirini sasa. Shemeji yangu alinitafutia, na alikuwa na nia njema, kasikia aspirini inazuia kiharusi. Inazuia kiharusi cha damu kuganda. Kuna viharusi viwili, cha mshipa kuziba na cha mshipa kupasuka, na kwa nje mtu amepinda mdomo, mkono haunyanyuki, maneno yanakoroga, vyote viwili vinaweza kufanana hivo hivo. Kile cha kuziba mara nyingi hakiumi hata kichwa. Aspirini ni dawa kwenye kimoja na petroli kwenye chengine, na hakuna mtu duniani awezae kuvitenganisha kwa macho bila ya skani. Kwa hivo nyumbani usimpe. Na hapo pia ni saa, ile dawa ya kuyeyusha damu iliyoganda, penye hospitali inayoitoa, mwisho wake masaa manne na nusu toka dalili kuanza, na kama mtu kaamka nayo asubuhi wanahesabu toka mara ya mwisho kuonekana mzima. Nani alimuona mzima, saa ngapi? Hilo swali wataulizwa watu wa nyumbani, si mgonjwa.

Sisi wa Unguja tuna njia ya lami mpaka mjini, na pale hospitali ya Mnazi Mmoja lipo jengo la NED lilojengwa kwa msaada wa Wahispania, kazi yake ni upasuaji wa ubongo na uti wa mgongo, na yakizidi ipo MOI, taasisi ya mifupa na ubongo pale Muhimbili, Dar. Aliyeko Kojani au Tumbatu lazima kwanza apate chombo cha kuvuka, na hapo maji yawe yamejaa. Mtu wa huko masaa sita yake si sawa na yangu, akianza kusubiri kombe yashakwisha. Kombe linywewe, mie mwenyewe nlilinywa, lilikuwa lishaandikwa. Nlilinywa garini.

Nimebakisha aibu yangu. Asubuhi ya kuruhusiwa daktari kaniuliza natumia dawa gani, nkasema situmii dawa. Mke wangu akakohoa. Akafungua mkoba, akatoa diklofenaki, vidonge vya magoti, nanunua duka la dawa bila ya cheti, nakunywa karibu kila siku toka nistaafu, nlikuwa sivihesabu kama dawa. Kumbe vidonge vya namna hiyo vinapandisha presha, vinachosha figo, na ukivinywa siku 15 na zaidi kwa mwezi, mwezi baada ya mwezi, vyenyewe vinaweza kukuletea kichwa. Si kile cha radi, kile kizito cha kila asubuhi ambacho pia nlikuwa nacho na nlikiita uzee.

Nkaacha. Wiki mbili za mwanzo kichwa kiliuma zaidi, nliambiwa kitauma zaidi, na kikauma. Nina daftari, naandika presha asubuhi na jioni, na saa pembeni, saa ya ukutani ishatiwa betri. Juzi imesoma 142 kwa 84, daktari kasema bado iko juu lakini inakwenda kunako, kidonge cha presha tutakizungumza mwezi ujao. Nazi anafua mjukuu, anazivunja vibaya, nusu ya maji yanamwagika. Magoti yanauma.